Mkono Ulioandika "Kawaida"

Mwezi wa saba, baridi ya kwetu inapokaza, Mzee wa Picha hakumruhusu mgonjwa yeyote aegemeze kifua kwenye kibao cha eksirei kabla yeye hajakipasha moto. Alikuwa na kipande cha flaneli, masalio ya shuka la mtoto, ambacho alikishika juu ya jiko la mkaa la wauguzi mpaka kikapata joto. Kisha alikifunika nacho kibao, akasubiri, akakigusa kwa mgongo wa mkono kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Ndipo alipomwita mgonjwa. Foleni inaweza kuwa imefika getini na watu wananung'unika, yeye hana habari. "Mtu anakuja hapa na hofu yake," alisema. "Nimwongezee na baridi?"

Naanza na flaneli hiyo kwa sababu nitakayoyasema mbele hayatampendeza yeyote aliyempenda, na mimi ni mmoja wao. Mzee wa Picha alikuwa mtu mwema. Vilevile aliandika uongo kwenye daftari la hospitali kwa miaka mingi, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake. Uongo ule ukaja kufundishwa mashine, na mashine ikamrudisha nyumbani mtu aliyekuwa anaumwa. Nilijua tangu mwanzo kwamba ungeweza kumrudisha mtu, nikanyamaza.

Jina lake sitaliandika hapa. Hospitali yenyewe nayo sitaitaja. Inatosha kusema iko upande wa barabara itokayo Makambako kwenda Njombe, na kwamba kuanzia daktari mkuu hadi akina mama wauza parachichi wa getini, wote walimwita Mzee wa Picha. Yeye aliniita binti, na nilipojifungua akaanza kuniita mama Upendo. Mimi nilimwita baba. Tulimzika kwake Lyamkena mwaka huu, kukiwa na ukungu mzito kiasi kwamba waliokuwa nyuma walimsikia mchungaji bila kumwona.

Mwanzoni sikumpenda, nisiwe mnafiki. Nilitoka chuoni na cheti kipya, nikadhani siku ya pili nitashika mashine. Akanipeleka chumba cha nyuma, akanionyesha rafu zilizojaa bahasha za picha za zamani, akaniambia nizipange upya kwa miaka. Nilipanga mwezi mzima. Kila bahasha alitaka isimame wima bila kuegemea nyingine, na chini ya rafu alikuwa ameweka mbao na magunia ya mkaa ya kunyonya unyevu. Siku za jua tulizitoa nje, tukazianika kivulini kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Wapita njia walituona tumeanika mbavu za watu, na wengine walivuka barabara.

Nilimuuliza tunazitunza za nini, maana wenyewe wengine walishakufa. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Aliyekufa ndiye hawezi kurudi kupigwa nyingine," alisema. "Basi hiyo yake itunze."

Kwa sheria, kazi yake ilikuwa kupiga picha, na kuzisoma ilikuwa kazi ya daktari. Lakini madaktari walikuja na kuhama, na daktari bingwa wa kusoma picha tulikuwa tunamsikia tu kwamba yuko Mbeya. Basi daktari wa zamu alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa, akauliza, "Mzee, unaonaje?" Mzee akasema anavyoona, daktari akatia sahihi, na Mzee akaandika kwenye daftari lake. Aliandika kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa shule za zamani, herufi zimelala upande mmoja. Sikumbuki hata mara moja aliyokosea kuona. Nakumbuka mara alizoona na asiandike.

Alikumbuka vifua kuliko sura. Tukienda sokoni Makambako mtu angemchangamkia, "Kamwene, Mzee!" naye akaitika kwa adabu bila kumjua hata kidogo. Lakini yule mtu akitaja kwamba alikuja na mbavu mbili zimevunjika baada ya kuangukiwa na gogo, hapo uso wa Mzee ulifunguka. "Aa! Ya sita na ya saba, kushoto! Zimeungaje?" Na angetaka kuzipapasa palepale, katikati ya mafungu ya viazi. Watu walicheka, yeye hakuona cha kuchekesha.

Kwa wafanyakazi wenzake alikuwa mkali kama pilipili. Hakusifu mtu. Nilipopiga picha yangu ya kwanza iliyonyooka vizuri aliigeuza kwenye mwanga, akasema, "Hii haina kosa," akaondoka, na niliishi kwa maneno hayo wiki nzima. Lakini bibi wa kijijini asiyejua Kiswahili alizungumziwa Kibena polepole, akavuliwa shanga zake moja moja, zikawekwa kwenye sahani safi ili asidhani zitapotea. Mara moja bibi mmoja alikataa kubana pumzi, akisema akiibana haitarudi. Mzee akasimama mbele yake, akavuta pumzi yake mwenyewe, akaibana mpaka macho yakamtoka, kisha akaiachia. "Umeona? Imerudi." Bibi akakubali.

Alikuwa mzee wa usharika na sauti ya besi kwenye kwaya. Mvua zikianza na ulanzi, pombe ya mianzi, ukawa mtamu, alikunywa kikombe kimoja nyuma ya nyumba, akatuambia ni kwa ajili ya goti. Goti lenyewe liliumwa msimu wa ulanzi tu. Ukiacha goti hilo, uongo mdogo hakuuvumilia. Alipanda basi hadi Njombe kurudisha mwavuli ambao mgonjwa aliusahau. Siku niliyoandika kwamba nimefika saa moja na nusu wakati ilikuwa saa mbili kasorobo, alinifungulia ukurasa, akaniwekea kidole juu ya mstari.

"Daftari ni kiapo, binti."

Nilifuta, nikaandika ukweli. Nilikuwa na miezi minne kazini, na wiki hiyohiyo niliona alichokuwa anakifanya.

Kwetu kuna misitu ya kupandwa na viwanda vya kupasua mbao, na kila baada ya muda matajiri wa viwanda hivyo walileta wafanyakazi wao kupima afya. Walikuja wamesimama nyuma ya lori, nguo na nyusi zimejaa vumbi la mbao. Kila mmoja alikuwa na fomu, na kwenye fomu palikuwa na sehemu ya kifua: kawaida, au si kawaida. Ambaye kifua chake hakikuwa cha kawaida hakurudi na lori. Aliambiwa ashuke akachukue blanketi lake kambini, na nafasi yake ikajazwa kesho yake.

Siku hiyo niliona kwenye picha ya kijana mmoja wa msumeno, juu ya pafu la kulia, wingu dogo. Hata mimi niliyekuwa bado mbichi niliona. Mzee aliitazama picha ile muda mrefu. Kisha akachukua kalamu ya bluu, akaandika kwenye fomu na kwenye daftari neno moja: Kawaida.

"Baba, mbona hapa juu..."

"Nimeona."

Akatoka hadi kwenye benchi walikokaa wale wa lori, msimamizi wao akiwa amesimama pale, na Mzee akasema kwa sauti ya kila siku, "Wewe, umesahau kitu ndani." Yule kijana akajipapasa mifuko, akaingia. Mzee akafunga mlango. "Una TB," akamwambia. "Inapona. Kesho Jumanne uombe ruhusa, sema una msiba, sema lolote. Njoo kwa sista, mlango wa nyuma, umwambie nimekutuma mimi. Kazini usiseme." Kijana alitoka ameshika kofia ambayo alikuwa nayo tangu alipoingia.

Sista wa kliniki ya kifua kikuu alikuwa na kitabu chake, na hakuna tajiri wa mbao aliyewahi kukiona. Kwenye kitabu hicho mtu alimeza dawa miezi sita. Kwenye daftari la eksirei mtu huyohuyo alikuwa mzima. Vitabu hivyo viwili havikukutana, na waliojua tulikuwa watatu: Mzee, sista na mimi.

Aliniambia chanzo chake mara moja tu, tukiwa tunakunja kamba ya kuanikia. Zamani, alipokuwa bado mgeni kazini, alimwandikia mpasua mbao mmoja ukweli mtupu. Tajiri akamfukuza. Yule bwana aliona aibu kwenda kliniki, akapanda kwao Makete akiwa na kikohozi chake, akakaa na mkewe na watoto kwenye chumba kimoja chenye moto. Alipoletwa tena alikuwa amebebwa, na mkewe naye anakohoa. "Niliandika sawasawa," Mzee alisema, "na walikufa wawili." Baada ya hapo hakuwaandikia tena ugonjwa watu wa lori.

Nilimuuliza swali ambalo sikupaswa kumuuliza mtu wa umri wake. Nilisema, je, wale wanaolala na mgonjwa kambini? Hakuzungumza nami siku mbili, na nilipomwandalia chai aliipita. Lakini niliona kwamba kila Jumanne alihamisha kiti chake kikatazama mlango wa sista, akakaa hapo bila soga na mtu, akisubiri aliowatuma. Wengi walikuja. Asipokuja mtu, Mzee alishinda na kisirani, akafokea hata mlango.

Nisimfanye malaika, basi. Kuna waliopona na kazi zao mkononi, na watoto wao wamesoma. Kuna wasiokuja Jumanne wala siku nyingine, wakaendelea kukohoa kwenye kambi ya watu ishirini huku karatasi mfukoni inasema kawaida. Hao hatukuwahi kujua idadi yao.

Alistaafu. Akajenga banda nyuma ya nyumba yake Lyamkena, akawa anatengeneza milango na fremu za madirisha, na usharika ukimwomba, majeneza. Nilimwona akipiga randa, vumbi limemjaa kwenye ndevu, nikamwambia afunge kitambaa puani. Alisema kitambaa kinamzuia kuimba.

Mwaka uliofuata ndipo alipokuja Injinia. Alikuwa dada mpole wa Dar es Salaam, amevaa masweta mawili muda wote na bado anatetemeka. Kazi yake na wenzake ilikuwa kuifundisha kompyuta kusoma picha za vifua. Akili mnemba, alituambia, haijui chochote inapozaliwa. Unaionyesha picha, unaiambia jibu. Nyingine, na jibu lake. Maelfu kwa maelfu, mpaka ianze kuona yenyewe mapafu yenye ugonjwa yakoje. Walikuwa wamezunguka hospitali nyingi wakitafuta picha za zamani, wakakuta zimeshikana, zimeota ukungu, panya wamekula bahasha. Alipofungua chumba chetu cha nyuma alicheka kwa furaha. Picha zetu zilikuwa nyingi kuliko za hospitali nyingine zote alizopita, na kila moja ilikuwa na mstari wake kwenye daftari, kwa kalamu ya bluu.

Nilikaa naye miezi mitatu tukiskani. Mimi natoa picha, yeye anaipitisha kwenye mashine, mimi nasoma jibu, yeye anaandika. Siku ya kwanza ya bahasha za watu wa viwanda alisimamisha mkono.

"Dada, hii umesema kawaida?"

"Kawaida."

"Mbona naona kama kuna kitu hapa juu? Au ni macho yangu?"

Palepale ndipo nilipopaswa kusema. Nilifikiria jina la Mzee, alivyokaa kanisani safu ya mbele. Nilifikiria sahihi yangu iliyokuwa chini ya baadhi ya kurasa zile. Nikasema, "Mzee ana macho kuliko sisi sote." Injinia akatabasamu, akaandika kawaida. Hakuuliza tena, na zilizobaki zote tulizipitisha hivyohivyo.

Mashine ilipokuwa tayari walifanya sherehe ndogo, viti vya plastiki na soda, na Mzee akaalikwa kwa sababu bila utunzaji wake kusingekuwa na kitu. Alivaa suti yake ya Pasaka. Injinia alimsifu mbele ya watu, wakampigia makofi, naye akawa anatazama magoti yake. Walipouliza kama kuna mwenye swali, alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akasimama.

"Majibu ameiambia nani?"

"Wewe, mzee wetu!" Injinia alisema, na watu wakacheka kwa upendo. "Daftari lako ndilo mwalimu wake."

Mzee alikaa chini. Nilikuwa safu ya pembeni, nikageuza uso nikatazama viatu vyangu. Soda yake aliiacha bila kuifungua. Wakati wa kuondoka alinipita mlangoni, akanishika kiwiko kidogo, akaniachia. Tulikuwa wawili tuliojua, sista alishahamishwa, na hakuna kati yetu aliyefungua mdomo.

Nitasema haki ya mashine. Ni nzuri. Daktari akiwa hayupo inasoma kwa dakika moja, na imewaona wagonjwa ambao macho ya watu waliochoka yangewapita: mama wa jikoni, wazee, watoto wenye nimonia. Ikiona ugonjwa inatoa rangi nyekundu, ikiona salama inatoa kijani. Lakini kwa watu wa misumeno, wenye vumbi la mbao na wingu dogo juu ya pafu, ilikuwa imeambiwa mara nyingi mno kwamba hicho ni kifua kizima. Huruma ya Mzee mashine iliijua kama somo. Mlango wa kufunga na kumnong'oneza mtu haikuwa nao, wala sista wa Jumanne.

Akaja fundi mmoja wa msumeno kutoka kiwanda cha upande wa Makambako, mtu mzima mwenye mzaha, na fomu yake mkononi. Alikohoa mara mbili akisingizia baridi. Nikapiga picha. Skrini ikatoa kijani. Nilitazama mwenyewe, nikaona juu kulia weupe ambao haukunipendeza. Daktari alikuwa Njombe kwenye semina. Tabibu wa zamu alitazama ile kijani, akagonga muhuri.

Nilisimama mlangoni nikamtazama yule fundi kwenye benchi akifunga kamba za buti. Maneno nilikuwa nayo mdomoni: umesahau kitu ndani. Niliyasikia miaka mingi, nilijua hata sauti ya kuyasemea. Lakini nilijiambia, labda ni macho yangu, mashine imeona vifua vingi kuliko mimi. Tena nikisema, nitaulizwa nimejuaje kwamba mashine imekosea. Nikamwambia, "Kikohozi kikiendelea wiki mbili, urudi." Akasema, "Sawa, sista," akapanda lori.

Hakurudi. Baada ya miezi kadhaa familia yake ilikwenda Lyamkena kwenye banda la Mzee kuagiza jeneza. Haya aliniambia mke wa Mzee baadaye. Mzee alichukua vipimo, akauliza kwa kawaida tu marehemu ameumwa nini. Kifua, walisema. Akauliza kama alipimwa. Wakasema alipimwa kwa ile mashine mpya, karatasi wanayo, inasema yuko sawa. Mzee aliomba aione. Aliishika muda mrefu. Jeneza lile alilitengeneza peke yake, akakataa msaada, na tangu siku ile hakuimba tena akipiga randa.

Na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kukohoa.

Alikuja Jumatatu moja asubuhi, mwezi wa saba, bila kumwambia mtu. Nilimkuta kwenye benchi kati ya wagonjwa, koti la sufu limemzidi ukubwa. Karibu naye alikaa mama mmoja wa usharika wao, anamsimulia habari za kwaya. Nilitaka kumpitisha mbele.

"Nina namba yangu," alisema.

Ilipofika zamu yake niliifungua droo ya chini. Flaneli yake ilikuwa bado ipo. Jiko la mkaa siku hizi hakuna, nikaishika mbele ya hita ya wauguzi, nikaja nayo, nikafunika kibao, nikasubiri. Foleni ilinung'unika. Akaegemeza kifua.

"Umepasha."

"Nimepasha, baba. Vuta pumzi, ibane."

Mara ya kwanza ilimponyoka akakohoa. Mara ya pili aliweza. Nikamwambia avae akanisubiri nje.

Skrini ikatoa kijani. Kawaida. Na juu ya pafu la kulia la mtu aliyenifundisha kuona palikuwa na wingu, na katikati ya wingu tundu, kubwa, ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelionyesha kwa kidole. Nilihisi uchungu, na hasira, na sikujua hasira ile nimwelekeze nani, maana katika chumba kile nilikuwa peke yangu.

Nikaenda mlangoni. Alikuwa anafunga vifungo vya koti na yule mama bado anaongea.

"Mzee," nikasema, "umesahau kitu ndani."

Mikono yake ikasimama kwenye kifungo. Aliinua uso akanitazama, na nikaona ameelewa kabla sijamaliza. Hakujipapasa mifuko. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia, akafunga mlango yeye mwenyewe.

"Mashine inasemaje?"

"Inasema kawaida."

"Na wewe?"

"Una TB, baba. Kulia, juu. Imekaa muda." Nikamalizia kama alivyokuwa akimalizia yeye. "Inapona."

Alivaa miwani, akasogea karibu na skrini, akatazama kijani ile, kisha akatazama kifua chake kama alivyotazama vya wengine, bila haraka. "Huu ni mkono wangu kabisa," alisema. Akakaa kwenye kiti. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Daftari bado tunalo, umeme hukatika. Alilivuta, akalifungua ukurasa wa siku ile, akanisukumia na kalamu.

"Andika."

Nilishika kalamu na nikamuuliza jambo la aibu. Nilimuuliza niandikeje. Nilikuwa nafikiria usharika, wajukuu wanaolala nyumba moja naye, watu watakavyompitisha midomoni, na kusema kweli kwa dakika ile ningeandika neno lake la zamani kama angeniambia.

"Daftari ni kiapo," alisema. "Andika kilichomo. Jina langu lote. Halafu mpigie yule Injinia, mimi nikiwa nimekaa hapahapa, umwambie habari za watu wa lori. Mwambie ni mimi. Wewe usijitaje."

Niliandika majina yake matatu, na mbele yake ugonjwa wake, wote bila kufupisha. Nikapiga simu. Nikamweleza Injinia habari za fomu na lori, benchi, sista na vitabu viwili. Nikamwambia kuhusu ile picha aliyoniuliza na nilivyomjibu. Nilijitaja. Mzee alitikisa kichwa kunikataza na mimi nikaendelea. Injinia akauliza, polepole, ni picha ngapi. Nilimtazama Mzee. Alifumbua mikono miwili, mitupu. Injinia akasema mashine isitumike kwa mtu yeyote wa viwandani kuanzia saa ile, na kwamba bahasha zote zitasomwa upya, moja moja. Tunazisoma mpaka leo.

Kesho yake, Jumanne, Mzee alianza dawa. Ilikuwa imechelewa, na mwili ulikuwa umechoka. Lakini nataka nimalizie kwenye Jumatatu ile.

Alikunja ile flaneli mara nne, akairudisha kwenye droo, akafungua mlango. Benchi lilikuwa limejaa, watu wamebanana kwa baridi, mlango wa nje umefungwa na madirisha yamefungwa. Yule mama wa usharika alimsogezea nafasi karibu yake, akaipigapiga kwa kiganja. Mzee hakukaa. Alisimama mbali nao, akajiziba mdomo kwa mkono wa koti, akasema kwa ile sauti yake ya besi, kila mtu akasikia:

"Mama, nina TB. Nisamehe, nilikaa karibu nawe. Fungua hilo dirisha."

Watu walimtazama. Yule mama aliinuka, akalifungua.